Marsela na Msiba wa Seva

Mimi ndiye mjomba wake Marsela, nasema mapema kabla hajajitokeza mtu mwingine kudai undugu. Siku hizi hapa Majimoto kila mtu ni ndugu yake. Hata yule mwenye mashine ya kukoboa mpunga, aliyekuwa anamfukuza asikalie magunia yake, sasa anamwita "binti yetu". Yetu na nani? Mama yake ni Hilaria, dada yangu wa tumbo moja. Akili kaitoa upande huu. Upande wa baba yake ni watu wazuri, wanalima vizuri, basi tuwaache hapo hapo.

Marsela ni mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. Akicheka ofisini, ng'ombe sokoni wanageuza shingo. Tangu mdogo alikuwa haoni kitu kimefungwa kwa skrubu akakiacha salama. Nilikuwa na redio, redio ya maana, watu walikuwa wanakuja kunisalimia kwa ajili yake. Siku moja nikaikuta vipande juu ya mkeka, kila kipande na skrubu zake pembeni, na Marsela katikati kama mwenye duka. Nikanyanyua fimbo. Akaniambia bila hata kusimama, "Mjomba, ukinipiga nitasahau kipi kinarudi wapi."

Nikaishusha fimbo. Ungefanya nini?

Basi akasoma, akapelekwa Mbeya akasomea mambo ya kompyuta, akarudi na cheti na suruali. Ushirika wetu wa mpunga na asali ukamwajiri kutunza seva. Kwa nyie ambao hamjaiona, seva ni kompyuta isiyo na kioo cha maana wala adabu. Imelala chali kwenye rafu ya chuma, pana kama sinia la pilau la harusi, inanguruma mchana kutwa. Ndani yake kuna mpunga wa kila mwanachama: nani kaleta magunia mangapi, yamepimwa uzito gani, asali ya nani ilikuwa na maji. Ikilala hiyo, hakuna anayejua mali yake, na wazee wanaanza kutazamana vibaya kwenye benchi.

Kazi ya Marsela yote ni kusoma inachosema. Mbele ya seva kuna kioo chembamba kama kidole. Ikiwa nzima, kinang'aa bluu na kunyamaza. Ikiumwa, kinageuka rangi ya chungwa na maneno ya Kizungu yanapita polepole kama watu wanaotoka kanisani. Wengine wakiona maneno hayo wanazima na kuwasha tena. Marsela hazimi. Anasimama, mikono kiunoni, anasoma neno moja moja.

"Mashine haisemi uongo, mjomba," huwa ananiambia. "Ila haina maneno mengi. Ikisema mguu unauma, usiende kutibu jino."

Nimemwona kwa macho yangu. Siku moja ilisema feni ya tatu haizunguki. Mwenyekiti wetu, mzee Kalisti, akataka iombewe. Marsela akaifungua, akahesabu feni mpaka ya tatu, akachomoa humo kiota cha nyigu, cha udongo, kikubwa kama ndizi. Siku nyingine ikasema kumbukumbu yake ya tundu fulani ina hitilafu. Akakichomoa kile kipande, akakisugua meno yake kwa ufutio wa shule, akakirudisha, bluu. Mimi nilikuwa nimeshika tochi. Kwa hiyo tulitengeneza wote.

Sasa niwaeleze habari ya mbuzi, msije mkasema Fabiani karuka.

Mimi ni Mpimbwe. Nkwabi ni Msukuma, walikuja na ng'ombe wao kutoka kaskazini zamani kidogo, akajenga huku akawa mtani wangu. Nyie mnajua utani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo na ukamkaribisha chakula. Kwenye msiba ndiyo kabisa: anavaa nguo za marehemu, anaigiza alivyokuwa anatembea, anazuia maiti mlangoni mpaka apewe chake, na hakuna wa kukasirika, maana bila yeye watu wangelia mpaka wakauke.

Basi alipokufa baba mdogo wake Nkwabi, mimi kama mtani nikazuia maiti, nikajitwalia mbuzi: jike jeupe, sikio moja limechanika. Alipokufa shangazi yangu, Nkwabi akazuia maiti akamtwaa mbuzi yule yule. Nikamchukua tena, sikumbuki msiba upi, labda haukuwa msiba. Akamrudisha. Mwisho mbuzi akawa hajui kwao. Tukampeleka kwa mzee Kalisti aamue. Mzee Kalisti ni mtu anayeamua mambo baada ya mavuno. Akasema, "Mfungeni hapo nyuma ya ofisi ya ushirika, chini ya dirisha, kila mmoja amwone, hadi nitakapotoa neno." Na mimi na Nkwabi tukawa tunashinda kwenye benchi la ofisi, kila mmoja anamlinda mbuzi dhidi ya mwenzake.

Ndivyo ilivyokuwa radi ilipopiga.

Ilipiga alasiri, mvua ya kwanza ya masika, taa zikawaka nyeupe kisha zikazimika. Ile betri ya akiba ya seva ikatoa moshi, ikaisha. Seva yenyewe ina pawasaplai mbili, ndizo zinazopokea umeme na kuugawa mwilini. Mimi naziita mioyo. Moyo mmoja ukaungua. Ule wa pili ukasimama imara, na kazi zikaendelea.

Kisha seva ikaanza kuzimia.

Haikuwa kila siku. Inanguruma vizuri, halafu kimya, puu, kama mtu aliyeambiwa habari mbaya. Baada ya kitambo inaamka yenyewe, na kile kioo kinasema umeme unaoingia kwenye pawasaplai ya pili ulipotea. Marsela akaleta mita ya umeme, akapima tundu la ukutani. Umeme upo, umejaa tele. Akapima tena kesho yake ilipozimia. Upo. Kila akiingia na mita yake, umeme upo kama mtoto mwema.

Akaagiza pawasaplai mpya, ikaja, akaiweka. Sasa mioyo miwili. Tukapiga makofi. Siku hiyo hiyo ikazimia, na ilipoamka ikasema mioyo yote miwili ilikosa umeme kwa mpigo.

Akampigia simu Arcade. Huyu Arcade ndiye fundi mkuu wa ushirika kule Mpanda, ofisi iko Makanyagio, yeye mwenyewe ni mtoto wa Katumba, mrefu, anavaa tai hata kwenye vumbi. Marsela akaweka simu wazi wote tusikie.

"Ukibadilisha moyo na bado inakufa," Arcade akasema, "ujue mwili ndio mbovu. Mazabodi, lile bao kuu la ndani, imeoza. Radi hiyo."

"Kaka Arcade, haijasema mazabodi. Imesema umeme unaoingia."

"Umepima?"

"Nimepima."

"Umeme upo?"

"Ninapopima upo."

"Basi unabishana na nini?"

"Nabishana na wewe," Marsela akasema. "Mioyo miwili haiwezi kusimama mara moja kwa bahati. Niiweke kwenye njia nyingine ya umeme nione."

"Ile yenye chaja za simu za wanachama? Marufuku. Utaunguza na hiki kilichobaki."

Hapo hakukosea. Ofisi ina njia mbili za umeme. Moja ni ya seva peke yake, fundi wa umeme aliipitisha nje, ukutani. Nyingine ni ya taa na chaja, na kila tundu limebeba chaja tatu na adapta juu ya adapta, kama abiria wa bodaboda siku ya mnada.

Viongozi wa Mpanda wakakutana. Uamuzi ukawa huu: seva ya Majimoto imekufa, gari litoke Mpanda kuja kuichukua, habari zote za mpunga wetu zihamie Makanyagio. Na kazi ya Marsela kwenye barua yake imeandikwa mtunza seva. Pasipo seva, unatunza nini? Alijua. Mama yake alijua. Hilaria alikuja kwangu akakaa bila kuomba hata maji, akasema, "Kaka, mtoto atarudi kupura mpunga na cheti chake."

Nikamwambia, "Mimi nipo."

Akanitazama. Dada yangu ana macho yasiyokuwa na heshima.

Siku ya gari kufika, sijui nani aliwaambia watu. Majimoto neno likisema seva imekufa, watu wanasikia imekufa tu, wanachukua kanga wanakuja. Uwanja wa ofisi ukajaa. Kina mama wakakaa chini miguu imenyooka. Bibi mmoja akauliza marehemu ni mtoto wa nani, akaambiwa ni wa ushirika, akaanza kulia. Mwenye mashine ya kukoboa akazima mashine kwa heshima, kisha akakumbuka ana wateja, akaiwasha.

Arcade akashuka kwenye pikapu na tai yake, akaona umati, akamshika mkono mzee Kalisti pembeni.

"Mwenyekiti, kuna msiba hapa?"

"Ndiyo, karibu sana. Pole kwa safari."

"Nani kafariki?"

"Si umekuja kumchukua?"

Arcade akanyoosha tai yake. Mtu mwenye akili akifika kwenye msiba hafanyi ubishi.

Ndani, Marsela alikuwa anachomoa nyaya moja moja bila kusema na mtu. Aliponiona akasema, "Shikamoo mjomba," kwa sauti ndogo, na mimi ambaye nimeizoea ile sauti ya kugeuza ng'ombe nikajua ana uchungu kweli. Akaifunika seva blanketi ili isipate vumbi njiani. Hiyo ilimaliza mambo: chenye blanketi, kilichobebwa na watu wanne, kina mama walipokiona mlangoni wakapiga yowe.

Na hapo Nkwabi akajilaza kizingitini.

Alijilaza chali, mikono ameitandaza, shingoni kajifunga waya wa zamani wa simu kama tai, kipaji cha uso kakibandikia chungwa kwa kitambaa. "Maiti haipiti!" akapaza sauti. "Huyu ni mtani wangu! Kanihesabia mpunga wangu pungufu miaka yote, leo anaondoka bila kuniaga?"

"Nkwabi, ondoka," Arcade akasema.

"Wewe nani? Mfiwa au mchimba kaburi? Mchimba kaburi asiongee."

Watu wakaanza kucheka. Waliobeba seva wakaishusha taratibu juu ya meza ya karani, maana kwetu mtani akilala mlangoni hakuna wa kumruka. Nikamwita kwa jina la ubini wake nikamwambia, "Inuka, nyie Wasukuma mkiona mashine mnatafuta matiti yake."

"Na nyie Wapimbwe mkiona ng'ombe mnamwamkia shikamoo," akajibu palepale bila kuinua kichwa. "Niacheni niwaoneshe marehemu alivyokuwa, msije mkamsahau."

Akainuka, akakaa mkao wa rafu, akaanza. Nyie, yule mtu ana kipaji. "Vuuuuuu," akanguruma, mashavu yamejaa, na ile hasa ndiyo sauti yenyewe, ungefumba macho ungesema seva imefumbua macho. Akaelekeza kidole chungwa kipajini. Akanguruma. Kisha akageuza shingo pembeni, akaachia, "Meeee!" Hapo hapo akakata mngurumo, puu, akaanguka kama gunia.

Umati ukaangua kicheko. Akaamka, akavuta pumzi, "vuuuuu" tena, kisha "Meeee!" na puu, chini.

"Nkwabi."

Ni Marsela. Alikuwa ameshika skrubu mkononi, ameacha kufungasha.

"Marehemu hapokei simu," Nkwabi akasema akiwa chini.

"Hiyo meee ni ya nini?"

"Si ya mbuzi?"

"Kwa nini umeweka mbuzi kwenye seva?"

"Binti, mimi naigiza marehemu alivyokuwa. Sijaongeza kitu. Marehemu alikuwa hafi mpaka mbuzi alie kwanza. Niko pale benchini kila siku, muulize mjomba wako. Mbuzi anafanya meee, ndani kunakuwa kimya, wewe unaingia mbio na kale kadude kako ka kupima, mbuzi anakuja dirishani kukuchungulia, ndani kunaanza kunguruma."

Marsela akaiweka skrubu mezani. Alitoka nje akazunguka nyuma ya ofisi, na sisi wote nyuma yake, kina mama na kanga zao, na Arcade na tai yake, na bibi aliyekuwa bado analia.

Mbuzi alikuwepo, anatafuna hewa. Kamba yake haikufungwa kwenye nguzo, maana hakuna nguzo pale. Ilikuwa imefungwa kwenye paipu nyembamba ya plastiki inayoshuka ukutani na kuingia ndani chini ya dirisha. Ndiyo ile njia ya umeme ya seva. Misumari yake miwili ilikuwa imeng'oka na kuning'inia. Ng'ambo, hatua chache tu, ni mashine ya kukoboa, na pumba za mpunga zinamwagika pale chini mchana kutwa.

Marsela akaitazama kamba. Akatazama paipu. Akatazama pumba. Kisha akageuka, na ile sauti yake ikarudi yote.

"Rudisheni maiti ndani!"

Ninavyoandika hivi bado naona walivyokimbia.

Seva ikavuliwa blanketi, ikawekwa kwenye rafu, ikachomekwa kwenye njia yake. Ikanguruma. Kioo kikawa bluu. Marsela akamwomba Arcade asimame mbele ya kioo asiondoke, aseme kwa sauti kila kitakachotokea, na sisi wengine tumtie mbuzi tamaa.

Sasa mbuzi ndiye aligoma. Siku zote anavuta kamba kama mwizi, siku hiyo ameona watu wengi anajifanya mstaarabu. Amesimama. Anatazama umati kama mgeni rasmi. Nkwabi akamlilia "meee", mbuzi akamtazama kwa dharau. Ikabidi mzee Kalisti mwenyewe avue koti, achote pumba kwa debe, achuchumae ng'ambo pale anaita, "Njoo mama, njoo mama, njoo."

"Mwenyekiti, ongeza sauti!" mtu akasema.

"Njoo mama!"

Mbuzi akaona pumba. Akajitupa mbele. "Meeee!" Kamba ikanyooka, paipu ikapinda kama upinde.

"Imekufa!" Arcade akapiga kelele ndani.

Umati mzima ukashangilia. Nadhani ni msiba wa kwanza duniani watu kushangilia neno hilo. Mzee Kalisti akarudi nyuma na debe, mbuzi akalegea, paipu ikarudi mahali pake. Tukasubiri. Ndani kukaanza kunguruma.

"Inawaka!" Arcade. "Inaandika... Inasema umeme unaoingia ulipotea. Mioyo yote miwili."

"Imesema mazabodi?" Marsela akauliza kupitia dirishani.

Arcade akakisoma kioo tena. "Haijasema mazabodi."

Tukarudia. Pumba, meee, imekufa, shangwe. Wazee wakaanza kugombania debe, kila mmoja anataka aiue seva mara moja katika maisha yake.

Lakini Arcade si mtu wa kukubali hivi hivi, na nampongeza, mtu aliyesoma asikubali upesi. Akatoka, akakuna kidevu, akasema, "Sawa. Lakini kuna mambo mawili hapo, mbuzi na kamba. Tunajuaje ni kamba? Inaweza kuwa mtikisiko wa miguu ya mbuzi ardhini, unapita ukutani."

"Swali zuri," Marsela akasema. "Tumtoe mbuzi, tuache kamba. Atafutwe mwingine wa kuvuta."

Watu wote wakanigeukia mimi. Sijui kwa nini. Nadhani ni kwa sababu ya nguvu zangu.

"Mjomba," Marsela akasema, "ufungwe kiunoni au ushike kwa mkono?"

"Kiunoni!" Nkwabi akajibu kwa niaba yangu. "Mbuzi hakushika kwa mkono. Jaribio liwe la haki."

Nikafungwa kiunoni. Nasema wazi, sikuona aibu. Watu wangapi hapa Majimoto wamewahi kuingia kwenye mambo ya seva kwa mwili wao? Nikasimama pale pale aliposimama mbuzi, mzee Kalisti akatikisa debe la pumba mbele yangu, kwa mazoea tu nafikiri, na mimi nikajitupa mbele. Nilivuta kuliko mbuzi. Paipu ikalia krrr.

"Imekufa!" Arcade akapiga kelele. Kisha, baada ya kitambo, "Inasema maneno yale yale! Herufi kwa herufi!"

"Mmeona?" Nkwabi akawaambia watu. "Seva yenyewe imeshindwa kuwatofautisha."

Basi Marsela akazima njia ile kwenye swichi kuu, akafungua kile kiboksi kidogo pale paipu inapoingilia ukuta. Ndani yake waya umeshikwa na skrubu moja iliyolegea, kichwa cha waya kimekuwa cheusi kwa cheche. Kamba ikivutwa, waya unaachana na skrubu. Kamba ikilegea, unagusana tena. Ndiyo maana kila akienda kupima umeme upo: mbuzi alikuwa amemfuata dirishani kumchungulia. Akakata kichwa kile cheusi, akachuna waya upya, akakaza skrubu mpaka mkono ukatetemeka, akapiga misumari mipya kwenye paipu. Mimi nilishika tochi, ingawa kulikuwa mchana.

Akawasha swichi, seva ikaamka, halafu akasema, "Mjomba, vuta."

Nikavuta. Hakuna aliyesema imekufa.

"Vuta kwa nguvu zako zote, zile za kujisifia."

Nikavuta mpaka macho yakatoka. Ndani seva inanguruma tu. Arcade akatoa kichwa dirishani, tai imegeuka begani, akasema, "Bluu. Bluu kabisa. Inabaki."

Hilaria alikuwa pale pembeni ya ukuta. Sikumwona alivyofika. Alijifunika uso kwa kanga, na Marsela akaenda akamshika bega kwa mikono ile michafu, akamwambia, "Mama, inabaki. Nenda ukapike."

Mngedhani yameisha. Kumbe Mpanda wana utaratibu.

Arcade alikuwa na simu sikioni muda mrefu, anatembea anazunguka pikapu. Akarudi ameinamisha kichwa. Viongozi wamekubali seva ibaki Majimoto na Marsela abaki nayo. Ila gari halirudi mikono mitupu. Utaratibu wa ushirika unasema hitilafu ikishaondolewa, kifaa kibovu kilichosababisha lazima kirudishwe Makanyagio kikaguliwe.

"Waya ule mweusi si huu hapa?" Marsela akasema.

"Nimewaambia. Wakauliza kilichouharibu waya ni nini. Sikuweza kusema uongo." Akatazama chini. "Wamesema kiletwe."

Wote tukamwangalia mbuzi. Mbuzi alikuwa amefika kwenye pumba hatimaye, anakula bila wasiwasi wowote.

"Huyo ni mbuzi wangu," nikasema.

"Wangu," Nkwabi akasema.

Mzee Kalisti akavaa koti lake. Nilijua tumekwisha, maana akivaa koti anaamua. Akasema mbuzi huyu ametoka kwenye misiba, hajawahi kuwa wa mtu, na leo amesababisha msiba mwingine. Mavuno ni mbali na neno lake liko tayari: kifaa kiende.

Akapakiwa. Marsela, kwa huruma, akamtandikia lile blanketi la seva. Arcade akamfunga shingoni kile kikaratasi wanachofunga kwenye vifaa vibovu. Watu wanne wakambeba, na kina mama, waliokuwa wamekuja na machozi na bado hawajayatumia, wakaona heri wayatumie.

Pikapu ilipowashwa, Nkwabi akajilaza mbele ya tairi. Safari hii hakuwa na chungwa kipajini. Nikamwangalia, nikafikiria mikono yote aliyopitia yule mbuzi, na mimi nikajilaza pembeni yake.

"Mtani," akaninong'oneza, "unadhani watamrudisha wakishamkagua?"

"Watamkagua na wali," nikamwambia.

Ndani ya ofisi tukamsikia Marsela. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, miguu juu ya rafu, mbele ya bluu yake, na kile kicheko chake kikatoka dirishani, kikavuka mashine ya kukoboa, kikafika sokoni. Ng'ombe wote wakageuza shingo.